Amepata Jiko: Namna ya Kufumbua Mashairi ya "Dawa ya Ndani" ya Wadao

Mwambie mgeni anayejifunza Kiswahili kwamba Juma amepata jiko, atakuuliza ni la mkaa au la gesi. Maneno yote ameyaelewa, sarufi ameipata, maana imempita. Juma ameoa.

Yaliyompata mgeni huyo ndiyo yanayotupata sisi tukikutana na mashairi ya Wadao wa China. Tunasoma kwamba metali za risasi na zebaki zimetiwa tanurini, joka limekumbatiana na chui milia, Bibi wa Manjano kapeleka posa, mtoto amekaa tumboni miezi kumi, nasi tunayashika maneno kama yalivyo. Kwenye filamu shujaa anameza kidonge kinachong'aa, halafu anapaa. Kwenye simu zinapita video za "siri ya Wachina ya kutozeeka", na chini yake kuna mtu anauza unga. Hivi karibuni kijana mmoja anayefanya mazoezi ya taichi aliniuliza, kwa nia njema kabisa, kama zebaki inayotajwa kwenye mashairi hayo ni ile ile ya wachimbaji wadogo wa dhahabu kule Geita. Swali lake linastahili jibu refu, kwa sababu kulijibu vibaya kumewahi kuua watu.

Tuanze na maneno. Dao maana yake ni njia: mwendo wa ulimwengu unaokwenda wenyewe bila kusukumwa. Wadao ni wale waliotafuta kuishi sawasawa na mwendo huo. Alkemia, ufundi wa kale wa kugeuza kitu kuwa kingine, ni neno la Kiarabu, al-kimiya, ndugu wa kemia yetu ya shuleni. China ilikuwa na alkemia mbili. Ya nje iliitwa waidan, na ilifanywa kwa tanuri, chungu na madini. Ya ndani iliitwa neidan, na ilifanywa kwa mwili, pumzi na utulivu wa moyo wa mtu aliyekaa kimya. Silabi ile ya mwisho, dan, ndiyo yenye mzigo. Asili yake ni madini mekundu yaitwayo zinjifuri, kisha ikaja kumaanisha dawa yenyewe, dawa ya uzima. Wazanzibari wanalijua jina hilo kwa sura nyingine: mzingefuri, mti wa mbegu nyekundu zinazopakwa midomoni na kutia chakula rangi, umebeba jina la madini hayo kwa sababu ya wekundu wake.

Kwa nini zinjifuri na si jiwe jingine? Ukilichoma jiwe hilo jekundu, hutoa zebaki, majimaji ya rangi ya fedha. Ukiichanganya zebaki na salfa na kuipika tena, unaweza kuurudisha ule wekundu. Hebu jiweke mahali pa mtu wa kale anayetazama hayo: kitu kimekufa mbele ya macho yake, kikageuka kingine kabisa, kisha kikarudi. Tangu hapo neno "kurudi" halikubanduka vinywani mwa Wadao. Dawa yao kuu waliiita dawa iliyorudi.

Wengi waliimeza. Mfalme Wuzong wa enzi ya Tang alikufa mwaka 846 baada ya kutumia dawa za aina hiyo, na hakuwa mfalme pekee wa enzi ile kuzipenda. Mshairi Bai Juyi, aliyefariki mwaka huo huo, aliandika shairi akiwakumbuka mmoja mmoja marafiki zake waliokula madini na kumtangulia kaburini. Baruti nayo ilitokea katika majiko hayo hayo: kuna andiko la Kidao linaloonya kwamba wapo waliochanganya salfa, shura na asali, moto ukafumka, wakaungua nyuso na mikono na nyumba ikateketea.

Alkemia ya ndani ilikua pembeni ya msiba huo. Iliyaacha madini, ikabaki na majina yake. Hapo ndipo fumbo linapozaliwa, na hapo ndipo msomaji wa leo anapojikwaa.

Ndani ya mtu, walisema, mna hazina tatu. Jing ni kiini cha uhai, akiba ya nguvu inayojionyesha zaidi katika uzazi. Qi ni pumzi na nguvu inayotembea mwilini. Shen ni roho, ile inayojua na kutazama. Fikiria taa ya kandili. Mafuta ni jing, joto la mwali ni qi, nuru inayojaa chumbani ni shen. Kwa kawaida taa huwaka kuelekea kuishiwa: mtoto anakuwa kijana, kijana anakuwa mzee, mafuta yanakwisha. Kazi ya alkemia ya ndani ni kuyapandisha mafuta yawe joto, joto liwe nuru, na nuru irudi kule ilikotoka kabla taa haijawashwa. Ni kwenda kinyume. Ukilishika neno hilo, kinyume, nusu ya mafumbo itafunguka yenyewe.

Sasa tuje kwenye shairi. Zhang Boduan, mshairi wa alkemia hiyo ya ndani, alikuwa mtu wa Tiantai, katika jimbo la Zhejiang. Mwaka 1069, akiwa mji wa Chengdu, alikutana na mwalimu aliyemfungulia mambo, na mwaka 1075 akaandika utangulizi wa mkusanyo wake uitwao Wuzhen pian, kwa maana ya maandishi ya kuamka na kuuona ukweli. Alifariki mwaka 1082. Mkusanyo wenyewe ni fumbo kabla hata hujasoma mstari mmoja. Kuna mashairi 16 ya mistari minane, kwa sababu uzito wa jin moja ya zamani ulikuwa liang 16, kama vile ratili yetu ilivyo na wakia 16: wakia nane za upande huu, nane za upande ule, mizani imekaa sawa. Kuna mafupi 64, kwa idadi ya michoro 64 ya kitabu cha kale cha mabadiliko, Yijing. Kuna moja la kusimama peke yake. Jumla 81, tisa mara tisa. Kisha nyimbo 12 kwa miezi ya mwaka. Sisi tuliozoea ubeti wa mizani nane kwa nane tunaweza kumwelewa mtu huyu haraka kuliko wengi, ingawa kufanana huko kwa hesabu ni bahati tu.

Swali la kijana wa taichi lilijibiwa na Zhang mwenyewe karibu miaka 950 iliyopita. Moja ya mashairi yale 16 linaanza hivi, kwa tafsiri yangu:

Usizipike njano tatu wala roho nne;
ukitafuta majani, ndiyo umepotea zaidi.

Njano tatu ni salfa na aina mbili za madini ya aseniki. Katika roho nne wamo zinjifuri, zebaki na risasi. Na shairi linafunga hivi:

Watu wa leo waijue risasi ya kweli na zebaki ya kweli:
si zinjifuri ya kawaida, wala si zebaki ya kawaida.

Kati ya mistari hii kuna mingine, na miwili kati yake ndiyo niipendayo kuliko yote. Naiacha kwanza, tukishapata funguo tutairudia. Kwa sasa inatosha kuona kwamba mshairi anakataza waziwazi kile ambacho muuza unga anasema mashairi yameamuru. Zebaki ya Geita ni sumu ya ubongo na figo, iwe imetoka machimboni au kwenye kifungashio chenye maandishi ya Kichina. Hakuna fumbo linaloibadilisha.

Basi zebaki ya kweli ni nini? Mwulize mchimbaji aliyewahi kuimwaga kwenye karai. Haikamatiki. Ukiigusa inagawanyika, kila kitone kinakimbilia upande wake, na kila kimoja kinang'aa. Kaa kimya dakika mbili bila simu, tazama mawazo yako: ndiyo hiyo. Ni nyepesi, ni angavu, inaona kila kitu, haitulii. Risasi ni kinyume chake: nzito, ya kijivu, imekaa chini. Lakini wafua madini wa kale walijua kwamba ndani ya mawe ya risasi hupatikana fedha. Kwa hiyo risasi ya kweli ni kile kitu kizito kilichozama chini ndani yetu, kisichopendeza kwa nje, chenye mwanga uliofichwa. Mchimbaji anajua jambo jingine pia, na nadhani ndilo siri ya picha nzima: ile zebaki mkimbizi, ikikutana na chembe za dhahabu, inazishika na kuwa nazo donge moja. Wadao waliona vivyo hivyo kwa risasi. Kinachokimbia hakitulizwi kwa kukifukuza. Hutulia kikikutana na mwenzake.

Na hao wawili kukutana ni harusi. Soma mistari hii minne ya shairi jingine la Zhang:

Viwili vikikutana, hisia na umbile huungana;
vitano vikitimia, chui milia na joka hujikunja pamoja.
Chanzo chake ni wu na ji kuwa washenga,
mume na mke wakatulia katika furaha.

Vitano ni mti, moto, udongo, metali na maji, ambavyo kwa Wachina wa kale ni hatua tano za mwendo wa kila kitu. Joka ni mashariki, ni mti, ni zebaki yetu. Chui milia ni magharibi, ni metali, ni risasi yetu. Mmoja huelea mawinguni, mwingine hulala bondeni, na wakiachwa peke yao hawatakutana milele. Na hao wu na ji? Wachina walihesabu siku kwa majina kumi, na wu na ji ni la 5 na la 6. Yote mawili ni ya udongo, na udongo hukaa katikati. Katika mtu, kinachokaa katikati ni nia.

Kwa hiyo mshenga ni nia. Sihitaji kumweleza Mswahili mshenga ni nani, na hii ndiyo raha ya kulisoma shairi hili kwa lugha yetu. Mshenga si wa nyumba hii wala si wa nyumba ile. Anabeba neno, anapeleka barua ya posa, anatuliza wazee wakipandisha mahari, anajua wakati wa kusema na wakati wa kunyamaza. Akilazimisha, posa inavunjika. Akizembea, haifiki. Na siku ya ndoa yeye haingii chumbani. Nia ya mtu aliyekaa kimya inatakiwa iwe hivyo hivyo: iwakutanishe wawili, kisha ijitoe. Mashairi mengine humwita mshenga huyu Bibi wa Manjano, kwa kuwa rangi ya udongo katika hesabu yao ni ya manjano. Si jini, wala si mganga.

Kuna picha moja zaidi ya kujifunza, na hii yataka karatasi. Chora mistari mitatu, mmoja juu ya mwingine. Mstari mzima ni yang: nuru, joto, kupanda. Mstari uliokatika katikati ni yin: kivuli, baridi, kushuka. Sasa chora uliokatika, mzima, uliokatika. Huo ni mchoro wa Kan, maji: kivuli kwa nje, na nuru moja imefungiwa ndani. Pembeni yake chora mzima, uliokatika, mzima. Huo ni Li, moto: nuru kwa nje, na upenyo mmoja wa kivuli ndani. Zhang anasema:

Chukua kilicho kizima katikati ya Kan,
ukageuze yin iliyo tumboni mwa kasri la Li.
Hapo mwili unakuwa imara kama Qian;
kujificha au kuruka, ni moyo uamue.

Fanya alivyosema. Hamisha mstari mzima wa katikati kutoka Kan uutie Li. Umepata mistari mitatu mizima, nayo ndiyo Qian, mbingu. Upande wa pili imebaki mitatu iliyokatika, Kun, ardhi. Vilivyochanganyika vimerudi kuwa safi. Shairi zima ni maelezo ya kitendo kimoja kwenye karatasi, na kitendo hicho ni mfano wa kile kinachotakiwa kutokea kwa mtu.

Kwa mtu, moto ni wa moyoni na maji ni ya figoni. Tukiishi ovyo moto hupanda, hasira na wasiwasi vikajaa kichwani. Maji hushuka, nguvu zikamwagika. Vimeachana. Wadao walitaka maji yakae juu na moto uwe chini. Inasikika kama maajabu, mpaka ukumbuke kwamba kila asubuhi unafanya hivyo ukibandika sufuria ya chai jikoni. Moto juu na maji chini havipikani. Ugeuze mpangilio, mvuke unapanda.

Nimetaja jiko, na jiko lina moto wa kupimwa. Mashairi haya yanazungumzia sana "nyakati za moto", na husema kuna moto wa kijeshi na moto wa msomi. Yeyote aliyepika wali kwa mkaa anaelewa: kwanza unachochea mpaka maji yachemke, kisha unapunguza, unafunika na kupalia makaa juu ya mfuniko, na kuanzia hapo huruhusiwi kufunua kila saa. Juhudi kali mwanzo, upole baadaye. Lakini kiasi gani? Zhang anakiri katika shairi moja kwamba vitabu na nyimbo hueleza ukweli, ila nyakati za moto hazikuandikwa. Ukazungumze na anayejua, uso kwa uso. Ukimwuliza bibi pilau yake inapikwa dakika ngapi, atakwambia njoo usimame hapa. Zhang alikuwa na sababu nyingine pia: aliandika kwamba mara tatu alimfundisha asiyestahili, na mara tatu akapatwa na balaa.

Sasa tahadhari, maana hapa wengi tukishapata funguo tunaharibu. Ukifikiri umepata kamusi, kwamba joka daima ni hiki na risasi daima ni kile, shairi litakufia mkononi. Liu Yiming, mfafanuzi aliyeishi kati ya 1734 na 1821, hakuona figo wala pumzi katika mashairi ya Zhang. Kwake risasi ya kweli ni ujuzi wa kweli uliofunikwa ndani yetu, na zebaki ni ile akili ya kutambua inayorukaruka. Katika mafundisho yaliyoandikwa kwa wanawake, "kulichinja joka jekundu" ni kukoma kwa hedhi, na halina uhusiano na joka la mashariki. Wapo pia wafafanuzi waliosoma mume na mke kuwa mume na mke hasa, wakaeleza mazoezi ya chumbani. Huo ni mkondo mmoja, na si sahihi kuwabebesha wote, kwani watawa wa mkondo wa Quanzhen, ulioasisiwa na Wang Chongyang katika karne ya 12, waliishi bila ndoa na bado waliimba harusi ya joka na chui milia. Alama ni nafasi, anayekaa humo hubadilika. Katika Zhuangzi, kitabu cha kale cha Kidao, imeandikwa kwamba dema ni la samaki. Ukishapata samaki, lisahau dema.

Wengine huuliza kama walitegemea kweli wasife. Jibu lao halikuwa moja. Wapo waliotumaini mwili. Lakini walioandika mashairi haya walikufa, na waliowafuata waliendelea kuyaimba, kwa kuwa mtoto yule wa miezi kumi tumboni ni shen iliyokomaa. Hawakumngoja azaliwe kwa nyama.

Katika hekalu la Baiyun mjini Beijing kuna bamba la jiwe lililochongwa mwaka 1886. Ukilitazama kwa mbali ni mandhari: milima, mto, watu wakifanya kazi. Ukilikaribia unaona ni mtu aliyekaa, ametazama upande. Milima ni kichwa chake. Mto ni uti wa mgongo. Chini kabisa watoto wawili wanakanyaga gurudumu la maji, na maji yanapanda mlima. Penye figo msichana anasokota uzi. Penye moyo kijana ameshika nyota. Tumboni mtu anamswaga ng'ombe anayelima. Mistari inayohusishwa na Lü Dongbin, mmoja wa wale Wanane Wasiokufa wa hadithi za China, inasema:

Ng'ombe wa chuma analima, anapanda sarafu za dhahabu;
mtoto achongaye jiwe anazitunga uzini.
Ndani ya punje moja ya mtama umefichwa ulimwengu;
katika chungu kisichojaa kibaba yanachemka milima na mito.

Sarafu za China zilikuwa na tundu katikati, ndiyo maana zinatungwa. Shamba ni mahali chini ya kitovu, paitwapo dantian, shamba la dawa. Ng'ombe ni wa chuma kwa kuwa hachoki wala haharakishi. Kila pumzi iliyotulia ni sarafu moja, na uzi ni kutokukatika. Milima na mito iliyomo chunguni ni ile uliyoiona kwenye jiwe: kichwa na mgongo wako.

Ile mistari miwili niliyoiweka akiba ndiyo hii:

Chini kabisa ya bwawa jua ni jekundu, mazimwi ya yin yanatoweka;
juu ya kilele mwezi ni mweupe, chipukizi la dawa ni jipya.

Bwawa ni maji, maji ni Kan, na jua lililo chini yake ni ule mstari mzima uliofungiwa katikati. Mazimwi ni usingizi, hofu na tamaa, vitu vinavyostawi gizani na kukimbia kukipambazuka. Kilele ni kule juu kwenye moto, Li, na mwezi uliomo ni ule upenyo wa kivuli, sasa umepoa na kuwa mweupe. Katikati ya hivyo viwili kitu kimechipua. Rudi kwenye mstari wake wa pili, ule unaokataza kutafuta majani porini. Majani aliyokuwa akiyajua yeye yameota hapa.